Waseme, Mbwa Aliyeruka kwa Adhana

Jumamosi hiyo, jua la alasiri likiwa bado kali juu ya mawe, Waseme alikata kamba kwa mara ya tatu.

Nyange alikuwa uani anapasua kuni. Aliisikia spika ya msikiti ikikohoa, kama inavyokohoa siku zote kabla ya adhana, akaisikia sauti ya Mzee Talib ikipanda juu ya mapaa, na kabla hajaliweka shoka chini akasikia kamba ikikatika, tap! Alipogeuka, chini ya mkunazi palikuwa na vumbi na kipande cha kamba tu.

"Waseme! Weee, Waseme!"

Kumwita mbwa aliyekwisha fyatuka ni sawa na kuliita jiwe lililokwisha kutoka kwenye teo. Nyange akachechemea mpaka njiani, akiuburura mguu wa kulia nyuma, akakiona kile alichokuwa akikiogopa. Mzee Khatib, mtu wa miaka sabini na ushei, alikuwa ametoka kutawadha, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, anakwenda zake msikitini polepole. Waseme akampitia kama gari isiyo breki. Mzee akakaa kitako chini. Na mbwa, maskini, kwa furaha yake ya kipumbavu, akarudi akamlamba shavu, akamlamba na mkono, kisha akatimua tena kuelekea mashambani, akitafuta kitu ambacho hakikuwapo.

"Kanilamba!" Mzee Khatib akapiga ukelele. "Nyange! Mbwa wako kaninajisi uso mzima, na kanzu yangu!"

Hapo Mtondooni, kijiji cha watu wachache upande wa Micheweni, hapana asiyejua hukumu ya mate ya mbwa. Palipoguswa huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Mpaka Mzee Khatib amalize kuosha shavu, na mkono, na upindo wa kanzu, watu walikuwa wameshatoa salamu wanatoka. Mzee akaikosa sala ya jamaa, jambo ambalo halikuwa limemfika tangu mwaka ule aliolazwa hospitali.

Sheha Nassor, kiongozi wa serikali hapo kijijini, alikuja kabla ya magharibi. Bimkubwa, mke wa Nyange, alimtandikia mkeka, lakini Sheha hakukaa. Alisimama na bakora yake, akimtazama mbwa aliyekuwa amerudi mwenyewe, ulimi nje, amefungwa kwa kamba mbili.

"Nyange."

"Labeka, Sheha."

"Mara ya kwanza alimwangusha nani?"

"Tatu, jirani yetu, na ndoo yake ya maji."

"Mara ya pili?"

"Aliingia kwenye viatu, pale mlangoni pa msikiti."

"Akaondoka na kimoja changu, ambacho mpaka leo sijakiona. Haya, tuliache hilo." Waseme akaruka hadi kamba zikamrudisha chini. Sheha akasogea nyuma hatua mbili. "Unamwona? Na leo kamwangusha Mzee Khatib. Sasa nisikilize. Watu wanasema mbwa yuno ana shetani. Saa nyengine ni mbwa kama mbwa wengine, lakini ikisomwa adhana hupanda wazimu. Na weye ulisoma chuo cha Kurani, unajua ni nani anayekimbia akisikia adhana."

Nyange alijua. Kila aliyekaa chuoni na kushika juzuu anajua kwamba adhana ikisomwa shetani hukimbia. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo, kwa sababu hata yeye mwenyewe, akiwa peke yake, alishaanza kujiuliza.

"Kesho nakwenda Unguja kwenye mkutano," Sheha akasema. "Wiki nzima inayokuja sitakuwapo. Ijumaa ya pili kutoka leo, kabla ya sala, nitakuja hapa na watu wawili. Utamshika mbwa wako kwa mkono, si kwa mti. Adhana ikisomwa akatulia, nitawanyamazisha watu. Akiruka, sitaki maneno. Hao wawili watakuja na magongo."

"Sheha, muhogo wangu..."

"Muhogo wako naujua. Na Mzee Khatib naye namjua."

Akaondoka. Bimkubwa akaukunja mkeka ambao haukukaliwa.

"Mpeleke Kojani," akasema. "Huko wanavua tu, hawana mashamba ya kukimbilia."

"Kojani hakufikiki ila kwa chombo. Nahodha gani atakubali kumpakia mbwa?"

"Basi sijui."

Nyange naye hakujua. Ila alijua jambo moja: mbwa yule ndiye aliyekuwa miguu yake.

Nyange alizaliwa hapo hapo Mtondooni, penye mawe mengi kuliko udongo, na utoto wake aliumalizia juu ya dungu, kile kitanda cha miti kinachoinuliwa shambani kwa ajili ya kulindia mazao, akivurumisha mawe kwa teo. Alipokua, kila msimu wa karafuu alishuka Mtambile kuchuma. Alikuwa mchumaji hodari, wa kuzifuata karafuu za nchani ambazo wengine huziachia ndege. Mwaka mmoja tawi likasema naye, likakatika, akaanguka. Alilala miezi mitatu, na alipoinuka nyonga haikuwa tena nyonga ya kukimbilia. Akarudi kwenye shamba la baba yake, akapanda muhogo kwenye vile viraka vya udongo baina ya mawe.

Na tumbili wana akili ya kumjua kiwete. Zamani wakimwona anasimama tu, walikuwa juu ya miti. Sasa alikuwa akipiga kelele hadi sauti ikamkauka, nao wameketi kwenye matuta yake, wanang'oa, wanauma kidogo, wanatupa, wanamtazama. Mwaka ule wa pili walimwachia mashina matupu.

Ndipo alipokwenda kwa wasasi, wale wawindaji wa upande wa Ngezi, akaomba mtoto wa mbwa. Kwanza alimwuliza shehe, na shehe akamwambia mbwa wa shamba hana makosa, muhimu ajue mipaka yake. Watu walisema sana. Nyange mtu mzima, Nyange na mbwa, Nyange kaona nini. Naye, kwa kuwa si mtu wa kujibizana, akamwita mbwa wake Waseme, akawa kila akimwita amewajibu wote.

Na kazi Waseme aliijua. Nyange alikuwa akikaa juu ya dungu, mbwa chini yake, kundi la tumbili likiteremka mmoja mmoja. Anamzuia, anamzuia, mpaka wa mwisho ametia mguu shambani. Kisha anamwachia: "Haya!" Mbwa akatoka kama risasi. Mwaka huo wa kwanza Nyange na mkewe walikula muhogo wao wenyewe mpaka wakaugawa. Na muhogo huu wa sasa ulikuwa umebakiza miezi miwili kuvunwa.

*

Jumatatu alikuja Khairat, bibi wa mifugo, kwa pikipiki, kuwachoma mbwa wa wasasi na wa mashamba sindano ya kichaa. Alimkuta Waseme anazunguka mkunazi, kamba imemkaba, anabweka kwa kila kinachopita, hata jani.

"Salaam alaikum, Mzee Nyange. Mbwa yuno anakula saa ngapi?"

"Alaika salaam. Akiwa na njaa."

"Shambani anakwenda saa ngapi?"

"Tumbili wakija."

"Na anafungwa wapi?"

"Popote penye kivuli."

Khairat akamshika mbwa shingoni kwa mkono wenye mpira, akamdunga kabla hajajua. "Sasa, mzee wangu, ungekuwa weye unaishi hivyo, hujui unakula lini, hujui unatoka lini, hujui unalala wapi, usingeruka?"

"Miye nishaishi hivyo miaka hamsini na nne."

Khairat akacheka mpaka akaiweka sindano chini. Nyange naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka magongo, akamweleza yote.

Khairat hakusema habari ya shetani. Alisema mbwa wa kazi ana moto ndani, na moto wenyewe ndio unaomfanya awe na faida, ila moto lazima uwe na jiko. Mbwa akijua kwamba jambo fulani huja baada ya jambo fulani, kila siku, bila kukosea, hana sababu ya kuchemka kutwa akingoja. Ampe mahali pamoja pa kulala pasipobadilika. Amlishe wakati mmoja, na asimwekee chakula mpaka alale mwenyewe akatulia. Amtembeze kwa kamba kila asubuhi, njia ile ile, hata kama hakuna tumbili. Na kila jambo alitilie neno moja au ishara moja, isiyochanganyika na nyengine.

"Lakini miye sina saa, mwanangu. Simu yenyewe hufa mchana."

"Huna saa, una sala tano. Mbwa hajui dakika, anajua zamu."

Basi Nyange akaanza. Alitandika gunia chini ya mkunazi, likawa hilo hilo. Akitoka sala ya alfajiri, anamfunga kamba, wanakwenda mpaka shamba na kurudi, wakipita pale pale kwenye jiwe lililopasuka, wanasimama, mbwa anakaa, wanaendelea. Wakirudi, anashika karai la chakula kwa mkono mmoja na mkono wa pili anaushusha kiganja chini. Siku ya kwanza alisimama na karai lile mpaka mkono ukafa ganzi, maana Waseme aliruka, akabweka, akazunguka, akamrukia. Bimkubwa alikuwa mlangoni na ufagio.

"Mpe tu ale, Nyange! Tumbo linamwuma!"

"Hajalala."

"Na weye hujanywa chai."

"Nitakunywa akilala."

Alilala mwishowe, kwa kuchoka. Nyange akaliweka karai chini saa ile ile. Siku ya pili ikawa kidogo afadhali. Siku ya nne mbwa alipouona mkono unashuka, alijilaza juu ya gunia kabla karai halijafika. Siku ya tano Tatu alipita na ndoo yake kichwani, Waseme akainua kichwa, akamtazama, akakilaza. Tatu mwenyewe alishangaa, akasimama kama mtu aliyesahau jambo.

Lakini adhana! Kila ilipofika wakati wa adhana, yote yakaharibika. Kiganja chini, mbwa juu. Nyange aliazima mnyororo wa ng'ombe, na mnyororo ukamchubua mbwa shingo. Siku zikawa zinakwenda. Zikabaki tano. Usiku Nyange alikuwa akigeuka kitandani, Bimkubwa akijifanya amelala.

*

Jumapili asubuhi Tatu alikuwa uani kwao, amekuja kuazima chungu. Waseme amelala kwenye gunia kama mwanakondoo. Nyange yuko pembeni anaumenya muhogo wa sokoni.

"Haya bi, miye nakwenda," Tatu akasema.

Mnyororo ukalia. Waseme alikuwa amesimama, masikio mbele, anatazama huku na huku.

"Haya, haya, nisalimie nyumbani," Bimkubwa akajibu.

Mbwa akaruka mara mbili, mnyororo ukamrudisha mara mbili.

Kisu kikasimama mkononi mwa Nyange. "Tatu! Hebu rudi."

"Nirudi kufanya nini, kaka Nyange?"

"Sema tena ulivyosema."

"Nimesema nakwenda."

"Kabla yake."

"Kabla yake sikusema kitu. Nimesema tu haya bi..."

Kraa! Mnyororo. Tatu akakumbatia chungu. "Lo! Mbwa yuno ana nini na miye?"

Nyange alikuwa amekaa chini, hapo hapo penye maganda ya muhogo. Adhuhuri ilipoingia alikwenda akachutama karibu na gunia, akasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu yake. Spika ikakohoa. "Allahu Akbar, Allahu Akbar." Mbwa akainua sikio moja tu. Zikaja shahada, moja, mbili, tatu, nne. Mbwa anapepesa macho kwa nzi. Kisha Mzee Talib akavuta pumzi.

"Hayya alas-swalaah..."

Waseme akafyatuka.

Haya ya shambani, haya ya Tatu, Hayya ya adhana: kwa sikio la mbwa ni neno moja. Spika ile ililetwa mwezi wa Rajabu. Kabla yake Mzee Talib alikuwa akiadhini kwa koo lake, na sauti haikuvuka kisima. Ni mwezi ule ule wa Rajabu ambao Tatu aliangushwa na ndoo yake. Mbwa hakuwa na shetani wala jini. Alikuwa akiitwa kazini mara nne katika kila adhana, naye anakwenda, anatafuta tumbili, hawaoni. Na aliyemfundisha ni Nyange.

Furaha ilimjia, na nyuma yake, papo hapo, ikaja hofu. Atawaambia nini watu? Kwamba neno la kuwaitia waja kwenye sala, yeye kalifanya la kukimbizia tumbili? Wangelielewa hivyo hivyo vibaya, na kabla hajamaliza kueleza kwamba kila Mpemba husema haya mara mia kwa siku, magongo yangekuwa yameshainuka. Alimwambia Bimkubwa tu. Bimkubwa akaziba mdomo kwa kanga akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikakatika.

"Usimwambie mtu."

"Simwambii."

"Na vipi utalitoa neno hilo kichwani mwake? Kwa siku tano?"

Hilo Nyange alikuwa ameshalifikiri. Kumwachia mbwa, kuanzia sasa, itakuwa kwa kugonga debe tupu, na debe hapana anayeligonga kijijini ila kwa kazi. Lakini haya haitoki kwa kunyamaziwa, maana watu hawatanyamaza, na msikiti hautanyamaza. Itatoka ikisemwa bila ya kufuatwa na kitu. Na akakumbuka jambo ambalo, Mungu amsamehe, akiwa shambani alikuwa akilisahau mara nyingi: mwenye kusikia adhana hujibu, na muadhini anaposema Hayya, wewe husema La haula wala kuwwata illa billahi. Basi wakati ule ule ambapo mbwa huruka, mdomo wa bwana wake una neno lake la kusema.

Akaanza siku ile ile. Adhana ikifika kwenye Hayya, anajibu taratibu, sauti ya chini, kiganja chini. Mbwa akilala, kipande cha dagaa. Asipolala, hakuna kitu, hata kutazamwa. Na kila asubuhi, kwenye jiwe lililopasuka, aligonga debe akimwachia, mbwa akakimbia, akarudi kwa dagaa. Baina ya sala na sala Bimkubwa naye alikuwa akipita na kazi zake akitupa neno: "Haya." Nyange anajibu, kiganja chini. "Haya." Kiganja chini. Majirani waliosikia walidhani mtu na mkewe wamegombana.

Uani neno likaanza kufa. Lakini Nyange alijua kwamba uani si mahali lilipozaliwa. Lilizaliwa chini ya dungu, mbele ya tumbili, na huko lilikuwa hai kama siku ya kwanza.

*

Jumatano alimpeleka. Alikaa chini ya dungu badala ya juu, ameizungushia kamba mkononi mara tatu, miguu ameikaza kwenye jiwe. Tumbili wakaja. Wa kwanza, dume kubwa, akakaa juu ya jiwe akawatazama. Wakateremka wote. Waseme akaanza kutetemeka kutoka mkiani mpaka puani.

"Haya," Nyange akasema polepole.

Mbwa akaruka, kamba ikamvuta Nyange kifudifudi. Hakuiachia. Kiganja kilichanika kwenye jiwe, nyonga ikalia, hakuiachia. Akajiinua, akasema La haula, akauteremsha mkono wenye damu, akangoja. Tumbili walisimama kidogo. Walipoona hakuna kinachokuja, wakaanza kung'oa.

Mtu akitaka kujua ukali wa subira, amtazame mnyama akiula muhogo wake, na mwenye kumfukuza yuko mkononi mwake. Nyange aliwaona wakivuta shina la kwanza, la pili. Mizizi ilikuwa minene kuliko alivyodhani. Mbwa alilia kwa sauti nyembamba kama mtoto, akamtazama bwana wake, akautazama muhogo, akamtazama tena. Kulala hakulala. Kila alipotulia kidogo Nyange alisema, "Haya," na kila akiruka Nyange alimrudisha. Tuta moja likaisha. La pili likaisha.

"Nyange!"

Bimkubwa alikuwa nyuma yake na kapu.

"Umekaa na mbwa unawatazama? Nyange! Una akili weye?"

"Nyamaza, Bimkubwa."

"Ninyamaze? Muhogo wetu huo! Wapigie debe!"

"Nikipiga sasa, amejifunza kwamba ukiruka sana utaachiwa. Na Ijumaa watamuua. Wakimuua, hawa watakula matuta mawili kila siku mpaka wamalize."

Bimkubwa akaokota jiwe. Akalishika. Alilishika muda mrefu, kifua kikipanda na kushuka, kisha akaliweka chini na yeye akakaa, mgongo kwa shamba, ili asione.

"Sema neno lako basi," akasema. "Sema tumalize."

"Haya," akasema Nyange.

Mbwa akainuka nusu. Akamtazama.

"La haula wala kuwwata illa billahi."

Akalala.

Alhamisi tumbili walikula tuta la tatu, na mbwa hakuruka ila mara mbili.

*

Ijumaa Sheha alikuja na Matano na nduguye, wote wawili wanaume wa mabega, magongo mikononi. Walikuwa wameshakoga, kanzu zao safi, wameshika magongo mbali na mwili kama watu walioshikishwa kitu kisicho chao. Nyuma yao, mbali kidogo, alisimama Mzee Khatib. Hakuna aliyemwalika.

"Tayari?" Sheha akauliza.

"Tayari. Nikae chini?"

"Kaa. Mnyororo utoe."

Nyange akautoa mnyororo. Akalitandika gunia, mbwa akalala. Akaizungusha kamba kwenye kiganja kilichofungwa kitambaa. Bimkubwa alikuwa nyuma ya mlango, hakutokeza. Matano akabadili mkono wa gongo.

Spika ikakohoa.

"Allahu Akbar, Allahu Akbar."

Sikio la Waseme likasimama. Midomo ya watu wote ikaanza kwenda, wakijibu ndani kwa ndani kama desturi. Shahada zikapita moja moja, na Nyange alizihesabu kama mtu anayehesabu hatua za kwendea ukingo wa jabali. Jasho lilimwingia machoni. Mzee Talib akanyamaza, akavuta pumzi, na pumzi ile ikasikika kwenye spika kijiji kizima.

"Hayya alas-swalaah..."

Mgongo wa Waseme ukainuka. Miguu ya mbele ikanyooka, kamba ikakaza, kidonda cha kiganja kikafunguka. Gongo la Matano likapanda usawa wa bega. Nyange akafungua mdomo aseme lile alilolisema mara mia siku hizo, na sauti haikutoka. Alishusha kiganja, lakini mbwa hakuwa akitazama kiganja. Alikuwa akisikiliza.

"La haula wala kuwwata illa billahi," akasema Sheha Nassor.

Hakumwambia mbwa. Alijibu adhana, kama alivyofundishwa tangu hajatoka meno ya pili. Matano akasema vile vile, gongo likiwa juu. Nduguye akasema. Na kwa nyuma, kwa sauti yake ya kutetemeka, Mzee Khatib akasema.

Waseme akageuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto. Midomo ilikuwa mingi, hakujua amtii nani. Akawatii wote. Akakunja miguu, akalaza kidevu juu ya gunia.

Hayya ya pili ilipokuja sauti ya Nyange ilikuwa imerudi, akajibu pamoja nao. Ya tatu mbwa alitikisa sikio. Ya nne hata sikio halikwenda. Adhana ikaisha, spika ikazimwa, ikabaki sauti ya nzi.

Gongo la Matano lilikuwa bado juu. Nduguye akamgusa, akaliteremsha.

"Umemfanya nini?" Sheha akauliza.

Nyange alikuwa amekwisha amua kutosema. Lakini alipomwona Mzee Khatib amesogea, anamtazama mbwa kwa mshangao, aliona kunyamaza ni kumwachia mbwa yule jina la shetani maisha yake yote. Akawaambia. Aliwaambia neno lenyewe, na dungu, na spika ya Rajabu, na matuta matatu, na debe. Alisema akitazama chini. "Kosa ni langu. Nilimpa neno lisilokuwa langu."

Sheha akamgeukia Mzee Khatib.

"Ina maana," Mzee Khatib akasema polepole, "miye nimejiosha mara saba, na udongo, kwa sababu mbwa yuno kadhani miye ni tumbili?"

Nduguye Matano akageuka akauelekea mkunazi, mabega yakimcheza. Matano akauma mdomo. Sheha alijitahidi, akashindwa.

"Hakudhani hivyo, mzee wangu," Nyange akasema. "Angekuwa amekudhani tumbili, asingekulamba."

"Tabaan, kweli!" Mzee Khatib akamtazama mbwa tena kwa muda. "Mlinde vizuri. Na siku nikipita, hilo debe lako usiligonge." Akaanza kwenda zake msikitini, akipita mbali na gunia.

Sheha akamwambia Nyange amfunge mbwa na afanye upesi, khutba haimngoji mtu. Wale ndugu wawili wakayaegemeza magongo ukutani, na hakuna aliyekuja kuyachukua. Bimkubwa aliyapasua kuni wiki iliyofuata.

Baada ya sala Nyange hakupumzika. Alimchukua Waseme kwa kamba, debe mkono wa pili, wakasimama pale penye jiwe lililopasuka, wakafika shambani. Tumbili walikuwa kwenye tuta la nne, wamekaa raha mustarehe, kwa kuwa siku mbili nzima walikuwa wameona kwamba mzee na mbwa wake wamekwisha. Yule dume kubwa hata hakuinuka. Nyange akapanda dungu taratibu, mguu mbovu mwisho. Mbwa akalala chini yake. Nyange akangoja, mpaka wa mwisho akateremka mtini na kutia mguu shambani.

Akaifungua kamba. Akaligonga debe.